Kitulizaji cha kamera na lenzi za zamani: niandike namba gani kwenye menyu?

Swali, kutoka kwa Msafiri wa Shangani

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naomba ufafanuzi wa jambo lililonitatiza kwa wiki tatu sasa. Ninatumia kamera ya Sony A7 II, ambayo kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea picha, husogea chenyewe ndani ya mwili wa kamera ili kufuta mtikisiko wa mikono ya mpigaji; mfumo huo ndio kitulizaji, nao Sony huuita SteadyShot. Marehemu ami yangu, aliyekuwa na studio ya picha hapa Unguja, aliniachia lenzi mbili za kufungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi kama skrubu, aina ya M42: Helios 44-2 ya milimita 58 na Super-Takumar ya milimita 135. Nilinunua adapta ya kuziunganisha na kamera, nayo ni pete ya chuma tupu isiyo na chipu wala nukta za umeme. Mwanzoni kamera ilikataa kupiga hata picha moja mpaka nilipoiruhusu, kwenye menyu, kufyatua shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) bila lenzi. Hilo nililitatua mwenyewe.

Shida yenyewe ni hii. Mchana mmoja nilikuwa ufukweni nikipiga ngalawa kwa ile ya 135, na picha zilitoka safi kuliko nilivyotarajia. Usiku wa siku hiyohiyo nilialikwa kwenye taarab, nikafunga Helios kwa sababu inafunguka hadi f/2, yaani huingiza mwanga mwingi, na ukumbi ulikuwa na taa hafifu. Nilipiga kwa shata ya 1/30 ya sekunde. Picha karibu zote zilikuwa na ukungu, na si waimbaji peke yao, ambao ningeweza kusema walikuwa wakijongea, bali hata viti, mapazia na ukuta wa nyuma. Katika kuhangaika nikazima kitulizaji, na ajabu ni kwamba picha zilizofuata zilikuwa afadhali. Nilirudi nyumbani nikijiuliza inawezekanaje chombo kilichoundwa kutuliza picha kiwe ndicho kinachoitikisa.

Kwenye menyu ya SteadyShot nimeona mahali pa kuchagua kwa mkono urefu wa fokasi, yaani ile namba ya milimita ya lenzi. Mchana ule wa ngalawa niliweka 135, kisha sikupagusa tena. Je, hiyo ndiyo sababu? Na kama ndiyo, niandike namba iliyochorwa kwenye lenzi, au niizidishe kwanza kwa kitu fulani kama anavyosisitiza rafiki yangu mmoja? Ninauliza pia kwa kuwa ninafikiria kununua lenzi ya zumu ya 70–210 iliyotumika, nami sijui namba moja itatoshaje kwa lenzi inayobadilika urefu.

Jibu, kutoka kwa Fundi wa Lenzi Kuukuu

Wa alaykumu salaam, ndugu Msafiri. Swali lako lina jibu lake ndani: ile 135 uliyoisahau ndiyo iliyokuharibia usiku. Nitaeleza kwa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu jambo hili hubaki kuwa uvumi wa kijiweni.

Ndani ya kamera yako mna vipimamzunguko vidogo vinavyohisi kamera imeyumba kwa pembe kiasi gani. Vinachokijua ni pembe tu. Kihisi cha picha, kwa upande wake, hakisogezwi kwa pembe bali kwa umbali, yaani visehemu vya milimita, na umbali huo unategemea lenzi iliyo mbele yake: pembe ileile inayoisogeza taswira kidogo kwenye lenzi fupi, yenye milimita chache, huisogeza mbali kwenye lenzi ndefu. Kwa vitu vilivyo mbali kanuni ni urefu wa fokasi mara tanjenti ya pembe, basi. Lenzi ya kisasa huitajia kamera urefu wake kupitia nukta za umeme. Helios yako haina cha kutaja, na ile pete ya chuma haiwezi kuisemea. Ndiyo maana kamera inakuuliza wewe, na chochote utakachoiambia itakiamini.

Tuchukue mtikisiko wa pembe ya nyuzi 0.1, ambao ni mdogo sana hata mwenyewe huusikii mkononi. Kwenye lenzi ya milimita 58 taswira itasogea milimita 0.101 juu ya kihisi. Kihisi cha A7 II kina pikseli (nukta za picha) 6,000 katika upana wa milimita 36 hivi, kwa hiyo huo ni mteleko wa pikseli 17 takriban. Kitulizaji kilichoambiwa ukweli kingesogeza kihisi milimita 0.101 ileile na kuufuta. Lakini wewe ulikuwa umekiambia kwamba lenzi ni ya 135, nacho kikasogeza kihisi milimita 0.236. Kimevuka alama kwa milimita 0.135, ambazo ni pikseli 22 au 23 za kuelekea upande wa pili. Ona sasa: bila kitulizaji ungekosea kwa pikseli 17, kwa msaada wake umekosea kwa 22. Huo ukungu wa kwenye mapazia ulitengenezwa na kamera yenyewe, kwa utiifu kamili.

Kosa la kinyume halina madhara ya namna hiyo. Tuseme ungefunga ile ya 135 huku menyu ikisema 58. Mtikisiko wa nyuzi 0.1 ungetaka kihisi kisogee milimita 0.236, nacho kingesogea 0.101 tu, na kubakiza 0.135. Baki ni ileile, lakini safari hii imetokana na kosa kubwa zaidi lililopunguzwa, si kosa dogo lililoongezwa. Ukipungukiwa na namba, unapata msaada pungufu. Ukizidisha namba, msaada unapungua vilevile kadiri unavyozidisha, na ukifika mara mbili ya urefu halisi umerudi pale ambapo ungekuwa kama ungezima kila kitu. Zaidi ya hapo unajidhuru. Gawanya 135 kwa 58 utapata 2.3, nawe ulikuwa tayari umevuka mpaka huo.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya SteadyShot, weka marekebisho kwenye uchaguzi wa mkono badala ya ule wa kujiendesha, kisha chagua urefu wa fokasi. Sony imeweka namba kuanzia milimita 8 hadi 1000. Ukikuta 58 haimo kwenye orodha, chukua iliyo karibu nayo kwa chini. Tofauti ya milimita tatu nne hutaiona. Kisha kiweke kipengele hicho kwenye mojawapo ya vitufe vinavyokubali kubadilishiwa kazi, kwa maana kazi inayotaka kuingia menyu tatu kila unapobadilisha lenzi ni kazi utakayoisahau, kama ulivyokwisha kuisahau mara moja.

Jambo jingine ambalo watangazaji huwa hawalisemi kwa sauti: kamera yako huitwa ya mihimili mitano, lakini kwa lenzi hizi inakufanyia kazi mihimili mitatu. Inatuliza kuinama mbele na nyuma, kugeuka kushoto na kulia, na kuzunguka kama usukani. Ile miwili ya kuteleza moja kwa moja, juu-chini na kushoto-kulia, inahitaji kujua kitu unachokipiga kiko umbali gani, na lenzi ya nyuzi haiwezi kuitajia kamera umbali huo. Kwa ngalawa zilizo mbali hupotezi kitu, kwa kuwa mteleko wa mkono wa milimita moja hauonekani kwenye kitu kilicho mita hamsini. Kwa ua lililo karibu na pua yako ni hadithi nyingine.

Jibu, kutoka kwa Kijana wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Naona ndugu Fundi ameruka suala la kuzidisha, ambalo rafiki yake Msafiri alikuwa na haki kulitaja. Mimi hutumia kamera ya Olympus yenye kihisi kidogo cha Micro Four Thirds, ambacho ulalo wake ni nusu ya ule wa filamu ya milimita 35, na kila mtu anajua kwamba lenzi ya 58 juu yake huona eneo dogo, kama lenzi ya 116 kwenye kihisi kikubwa. Kwa hiyo mimi huandika 116, na kwa muda wa mwaka mzima sijaona tatizo lolote.

Jibu, kutoka kwa Mama Kamera wa Tabata

Kaka yangu wa Nyali, nakuomba usinichukie kwa nitakayosema, maana nami niliandika namba zilizozidishwa kwa miezi mingi kabla sijakaa na karatasi na kalamu.

Kuzidisha huko kunahusu kiasi cha mandhari kinachoingia kwenye picha. Kitulizaji hakina habari na mandhari. Kinachokihusu ni taswira imesogea milimita ngapi juu ya kihisi, na lenzi ya 58 iliyoyumba nyuzi 0.1 itaisogeza taswira milimita 0.101 uwe umeweka nyuma yake kihisi kikubwa, kihisi kidogo au kipande cha karatasi. Lenzi haijui kilicho nyuma yake. Namba ya kuandika ni ile iliyochorwa na kiwanda kwenye lenzi, 58, bila kuizidisha.

Na kwa nini hujaona tatizo? Soma tena mpaka ule alioutaja ndugu Fundi. Umeandika mara mbili kamili ya urefu halisi, kwa hiyo kamera yako inachukua kila mtikisiko na kuugeuza kuwa mtikisiko wa ukubwa uleule wa upande wa pili. Picha zako zina ukungu uleule ambao zingekuwa nao kama ungezima, wala si zaidi, ndiyo maana hukushtuka. Msaada pekee uliobaki ni ule wa mzunguko wa usukani, kwa sababu mzunguko huo ni pembe ileile kwa lenzi zote na hautegemei urefu wa fokasi. Umekuwa na kitulizaji mwaka mzima, na muda wote huo karibu hakikukutuliza chochote.

Hata hivyo sitaki kuonekana kana kwamba ukubwa wa kihisi hauna maana. Una maana kwenye kasi ya shata. Milimita 0.101 juu ya kihisi chenye upana wa milimita 17.3 ni sehemu kubwa zaidi ya picha kuliko juu ya kihisi cha milimita 36, na ukikuza picha zote mbili hadi ukubwa mmoja, ukungu wa kihisi kidogo utaonekana mara mbili. Ndipo ile kanuni ya wazee, kwamba shata isiwe ya polepole kuliko sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa fokasi, hudai tuzidishe: kwa kamera yako 58 huanzia 1/116, yaani 1/125, si 1/60. Zidisha unapochagua shata. Usizidishe unapojaza menyu.

Kuna hali moja tu ambapo namba ya menyu hubadilika kihalali, nayo ni pale kioo kingine kinapoingia kati ya lenzi na kihisi. Adapta zenye kioo cha kufupisha fokasi, zile za mara 0.71, huifanya lenzi ya 58 iwe ya 41 kwa kweli, si kwa kufananisha. Basi andika 41 au 40. Kiongezaji cha mara mbili, yaani kioo cha kurefusha fokasi, nacho huifanya ile 135 iwe 270, nawe uandike 270 au namba iliyo chini yake kidogo.

Kwa wasomaji wa kamera nyingine niongeze haraka. Pentax zenye kitulizaji, tangu K100D na K10D za mwaka 2006, hukuuliza urefu wa fokasi mara unapowasha kamera ikiwa na lenzi ya zamani isiyoweza kujitaja, na naona huo ndio utaratibu wa kiungwana kuliko wote, kwani haukuruhusu kusahau. Nikon za aina ya Z hukuwezesha kuhifadhi orodha ya lenzi zisizo na chipu, Fujifilm wana ukurasa wa adapta wenye nafasi za kuhifadhi lenzi kadhaa, na Olympus za miaka ya karibuni vilevile. Wenye adapta zenye chipu wajihadhari kwa namna yao: baadhi ya chipu hutaja urefu mmoja uleule, kwa mfano 50, kwa lenzi yoyote utakayofunga, na kamera ikiwa kwenye hali ya kujiendesha itauamini huo.

Jibu, kutoka kwa Kijana wa Nyali

Mama, nimekubali kusahihishwa. Nimeandika 58 jioni hii, nikakuza taswira kwenye kitazamio, na kwa mara ya kwanza taswira ilitulia nilipobonyeza kitufe cha shata nusu. Nilipoirudisha kwenye 116 ilianza kuogelea tena. Nilidhani siku zote kwamba huo ndio udhaifu wa mikono yangu.

Msafiri wa Shangani anarudi

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya jaribio nyumbani, nami naleta matokeo kwa kuwa yanalingana na hesabu za ndugu Fundi kwa namna iliyonishangaza.

Nilibandika ukurasa wa gazeti ukutani, nikakaa kwenye kiti umbali wa mita tatu, nikapiga kwa Helios kwa shata ya 1/15: fungu moja kitulizaji kikiwa kimezimwa, jingine namba ikiwa 135, jingine ikiwa karibu na 58, na la mwisho nikashusha hadi 28. Fungu la 135 lilikuwa baya kuliko yote, na herufi zilikuwa na kivuli maradufu kana kwamba zimechapishwa mara mbili. Fungu la namba sahihi lilisomeka hadi herufi ndogo za matangazo ya vifo. Lile la 28, ambalo nilitarajia liwe baya vilevile, lilikuwa la kati: si safi, lakini lilikuwa bora waziwazi kuliko lile la kuzimwa. Sasa nimeelewa maana ya kupungukiwa na maana ya kuzidisha.

Nimeandika namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, nikakibandika kwenye kifuniko cha nyuma cha kila lenzi, mahali ambapo lazima nikione ninapofunua. Limebaki swali la zumu. Na kwa kuwa ndugu Fundi ametaja ua lililo karibu na pua, niseme kwamba mke wangu anauza vito vya fedha, na ninampigia pete na hereni kwa Helios hiyohiyo nikiwa nimeweka pete za kurefusha, zile za chuma zinazoisogeza lenzi mbali na kihisi, kati yake na adapta. Je, huko nako niandike 58?

Jibu, kutoka kwa Fundi wa Lenzi Kuukuu

Nianze na zumu. Kamera haiwezi kujua umezungusha pete ya zumu hadi wapi, kwa hiyo una njia mbili. Ikiwa umesimama mahali pamoja na unapiga kwa urefu mmoja, andika urefu huo. Ikiwa unabadilisha kila mara, andika urefu wa chini, 70, uache hapo. Kwenye 70 utapata msaada kamili, kwenye 140 nusu yake, na kwenye 210 theluthi moja. Ukiandika 210 kisha ukarudi kwenye 70 umezidisha mara tatu, na baki ya mtikisiko itakuwa mara mbili ya ule wa awali. Wengine huandika namba ya katikati, kama 100, wakikubali kuharibikiwa kidogo upande wa chini ili wafaidike zaidi juu. Sina ugomvi nao, maadamu hawafiki 140. Binafsi ningekushauri ununue lenzi ya urefu mmoja, lakini hayo ni mapenzi yangu ya zamani kuliko ushauri.

Kuhusu vito: ukisogeza lenzi mbali na kihisi kwa pete za kurefusha, taswira haitengenezwi tena kwenye umbali wa milimita 58 bali mbali zaidi, na ni umbali huo halisi unaoamua pembe moja itageuka kuwa milimita ngapi. Hesabu yake ni urefu wa fokasi mara moja jumlisha ukuzaji. Pete ya kidoleni ikionekana kwenye kihisi kwa nusu ya ukubwa wake wa kweli, 58 mara 1.5 ni 87. Ikionekana kwa ukubwa wake kamili, ni 116. Hapo ndipo namba kubwa inakuwa sahihi, na hapo tu.

Lakini usitegemee makubwa. Kwa ukaribu huo, kinachoharibu picha zaidi ni mkono kuteleza kando na mwili kwenda mbele na nyuma. Kuteleza kando ni kazi ya ile mihimili miwili ambayo kamera yako haiwezi kuitumia kwa lenzi hizi, na mwendo wa mbele na nyuma hauna mhimili wa kuufuta, kwani fokasi yenyewe ndiyo inayopotea. Hereni haikimbii. Iweke mezani karibu na dirisha, funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, fyatua kwa kuchelewesha sekunde mbili, na kitulizaji ukizime kabisa. Juu ya stendi hakina mtikisiko wa mikono wa kufuta, na baadhi ya nyakati hujitafutia kazi kwa kusogezasogeza kihisi. Watengenezaji wenyewe hushauri kizimwe.

Na usiku wa taarab utakaofuata, pamoja na namba sahihi, panda hadi 1/125 waimbaji wanaponyanyua mikono, hata kama itakulazimu kuongeza ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga. Kitulizaji kitakushikia mapazia na viti. Mkono wa mwimbaji hakiuwezi.